Mfugaji Namba Saba

Sufu ya kondoo wa huku juu ina ukali.
Inakwaruza. Hata marehemu Albano,
aliyelala juu ya mawe akichunga,
hakutaka soksi zake.
Miaka ishirini tumenyoa kwa hasara:
umlipe mnyoaji, ubebe magunia hadi korongoni,
uyatie kiberiti, kisha urudi nyumbani
ukinuka kama nywele zilizoungua.

Ndipo akaja yule binti wa chuo, Iria Quaresma,
na kigari chenye tope hadi madirishani.
Aliomba magunia matatu.
Machafu, alisema. Msiioshe.
Tulicheka mpaka mbwa wakabweka.
Zeferino akamuuliza kama chuo kimeishiwa magodoro.
Iria akaliandika na hilo.

Mimi nilimpa kwa sababu ya viatu vyake:
vilikuwa chapachapa, naye hakusema kitu.

Chuo chenyewe kipo chini, nyuma ya stesheni,
kwenye jengo lililokuwa la kutia vitambaa rangi.
Mwanangu alikipita kwa treni akienda Lisboni.
Mama, alisema, wasomi wa kweli hawasomi pale.

Majira ya baridi ya kwanza
walikuja na mbao zisizo mbao,
sufu iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama mkate wa juzi.
Wakazipachika ndani ya ukuta wa jiko langu,
wakaacha kidude chenye jicho la kijani
kinachopima joto usiku na mchana.
Nilikisalimia kila asubuhi. Mjane husalimia chochote.

Kufika Machi, nondo walikuwa wamekula karamu.
Iria alipiga magoti mbele ya ukuta.
Nilidhani analia.
Alikuwa anahesabu matundu.

Mwaka wa pili, chumvi fulani, na harufu ya siki.
Mwaka wa tatu, ukuta ukakaa.
Kuni zilizokuwa zikiisha Februari
zikanifikisha Pasaka.

Kiwanda cha Sarmento kilikuwa kimefungwa zamani,
popo ndio wenye zamu.
Wahandisi wa chuo walipoingia na michoro yao
ilibidi wamtafute Hermínia,
aliyeendesha mashine ya kuchambua miaka thelathini na moja.
Profesa aliuliza. Hermínia alijibu.
Profesa akafuta ubao, akaanza upya.

Leo wapo kumi na mmoja mle ndani.
Si wengi, najua, lakini kumi na mmoja hula,
na mwoka mikate amewasha tena tanuri la pili.
Shule ya msingi imevishwa sufu kuta zote;
watoto wanavua makoti darasani,
mwalimu anawagombeza kwa kuyatupa sakafuni.

Kwa kilo napata senti arobaini.
Mnyoaji analipwa, inabaki ya kahawa.
Sitawadanganya kwamba mlima umegeuka dhahabu.
Zeferino aliuza kundi lake lote
miezi minne kabla mashine hazijanguruma.
Hupita kiwandani, akasimama kidogo,
akaenda zake.

Juzi Iria ameniletea kitabu chake,
kizito kama jiwe la kusagia.
Amekuwa daktari, ila si wa kutibu.
Nilijitafuta humo kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa.
Deolinda hayumo.
Yumo Mfugaji Namba Saba, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
yeye na jiko lake, mstari mmoja mwekundu
unaokwenda taratibu kama kondoo aliyeshiba,
halafu, tarehe tisa Januari,
unatumbukia.

Chini yake wameandika: sababu haijulikani.

Haijulikani kwa nani?
Usiku ule jike langu lenye doa
alikuwa anazaa vibaya, mguu mmoja umetangulia.
Nilimwingiza jikoni, nikauacha mlango wazi
ili mama yake mzee, pale nje, amsikie,
na theluji ikaingia nasi hadi alfajiri.
Mwanakondoo alipona. Ana watoto sasa.

Nimevaa miwani.
Nimechukua kalamu.